Chupa ya wiski ya miaka 16: mkulima wa shayiri hulipwa nini?

WAHENGA walisema subira yavuta heri. Hawakusema subira hiyo inagharimu kiasi gani, wala nani anayeilipia. Swali hilo ni zito kwa mkulima anayeambiwa kila msimu, kwenye semina na kwenye maonyesho ya Nanenane, kwamba dawa ya umaskini wake ni kuongeza thamani ya mazao.

Mahali pazuri pa kulitafutia jibu ni kisiwa cha Islay, ambacho wenyeji hukitamka Aila, magharibi mwa Scotland. Kina wakazi wapatao 3,000 tu, upepo mkali, mvua nyingi na mashamba ya kondoo na ng'ombe. Lakini kina viwanda vya wiski vipatavyo kumi, na kimojawapo, Bowmore, kinahesabu umri wake tangu mwaka 1779. Kinachoingia viwandani humo ni shayiri, maji na hamira. Kinachotoka, kikishalazwa kwenye mapipa kwa miaka mingi, huuzwa kwa bei ambayo mkulima wa shayiri hawezi kuiota.

Chukua mfano wa Lagavulin, kiwanda kilichoanza mwaka 1816 kwenye pwani ya kusini ya kisiwa. Ni mali ya Diageo, jina ambalo wakulima wa shayiri wa Kenya wamelisikia kwa miaka mingi kupitia East African Breweries. Wiski yake inayojulikana zaidi hulala kwenye mapipa kwa muda usiopungua miaka 16. Huko Uingereza, chupa moja ya sentilita 70 huuzwa kwa takriban pauni 80.

Mnunuzi anapata nini kwa fedha hizo? Asiyejua kuonja atasema ananunua sifa. Anayejua atajibu tofauti, na jibu lake lina somo la uchumi ndani yake.

Pua kwanza, ulimi baadaye

Wako wasomaji wengi ambao dini au afya haiwaruhusu kugusa pombe. Somo lililomo humu halihitaji kuonja. Mwonjaji wa wiski anafanya kazi ileile anayoifanya mwonjaji wa kahawa mjini Moshi au wa chai kwenye mnada wa Mombasa: anatafuta, kwa pua na ulimi, sababu ya kulipa zaidi au kulipa pungufu. Wala hanywi kwa pupa. Kinywaji hiki kina kilevi cha asilimia 43, na wataalamu wa viwandani hukipunguza kwa maji hadi karibu asilimia 20, kisha hunusa zaidi kuliko kumeza.

Glasi inayofaa ni ndogo, pana chini na nyembamba juu, ili harufu ikusanyike mdomoni mwa glasi. Rangi haitazamwi sana. Sheria ya Scotland inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, kwa hiyo weusi wa wiski si ushahidi wa umri wake. Mfanyabiashara anayeamini kwamba iliyokoza rangi ndiyo kongwe anaweza kudanganywa mchana kweupe.

Pua hailetwi kwa nguvu. Glasi husogezwa taratibu huku mdomo ukiwa wazi kidogo, kwani kilevi kikali huichoma pua ikafa ganzi. Kinachokuja kwanza kutoka kwa wiski ya Lagavulin ni moshi. Si moshi wa kuni kavu, bali mzito, unaokumbusha samaki aliyebanikwa na mwani ulioanikwa ufukweni, pamoja na harufu ya ayodini, ile dawa ya vidonda ya zahanati. Nyuma ya moshi huo kuna utamu: asali, zabibu kavu, vanila kidogo.

Kisha huongezwa matone machache ya maji. Wapo wanaodhani maji huiharibu wiski. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, jinsi maji yanavyosaidia. Kemikali mojawapo inayobeba ladha ya moshi hujificha katikati ya kimiminika pale kilevi kinapokuwa kikali mno, na hupanda juu, karibu na pua, kilevi kinapopungua.

Mwisho ni ulimi. Funda dogo huzungushwa mdomoni, likamezwa au likatemwa, na mwonjaji husubiri. Wiski changa hupiga kwa ukali na kupotea. Iliyokomaa huja laini, tamu kwanza, moshi baadaye, na ladha yake hubaki mdomoni kwa dakika kadhaa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu umri. Miaka haiongezi kila kitu. Moshi hupungua kadiri pipa linavyozeeka, na ndiyo maana wapenzi wa moshi mkali hutafuta wiski ya Islay ya miaka mitano au kumi na kuiacha ya miaka thelathini. Ikikaa mno kwenye pipa, wiski huanza kuwa chungu na kukausha ulimi, kama chai iliyosahaulika jikoni. Na pipa bovu halitengenezwi na miaka. Umri ni gharama ambayo kiwanda kimeshaibeba, lakini ubora ni jambo la kuthibitishwa kwa pua.

Kila ladha ina ankara yake

Kila kitu ambacho pua ya mwonjaji imekikuta kimelipiwa na mtu. Moshi unatoka kwenye ukaushaji wa kimea. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kama kimea cha ulezi kinachofahamika vijijini kwetu, kisha hukaushwa. Islay haina misitu ya kutosha kuni. Ina udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa vipande kama matofali, huanikwa na kuchomwa. Moshi wake hushika kwenye punje na hautoki tena, hata kimea kikisagwa, kikachachushwa kwa hamira na kukonekwa mara mbili kwenye mitungi mikubwa ya shaba.

Utamu na vanila vinatoka kwenye pipa la mwaloni. Hapa kuna jambo la kuvutia kwa wafanyabiashara. Sheria ya Marekani inataka wiski yao iitwayo bourbon ilazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Likishatumika mara moja, pipa hilo haliwezi kutengeneza bourbon tena. Waskoti huyanunua mapipa hayo yaliyotumika na kuyatumia kwa miaka mingi mingine. Mengine hutoka Hispania, yaliyolowa mvinyo mtamu wa Jerez, na hayo ndiyo huleta ladha ya zabibu kavu. Taka ya jirani imekuwa mtaji.

Ulaini unatoka kwenye muda, na muda ndio wenye ankara kubwa kuliko zote. Pipa hupumua. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani, na Waskoti huliita pungufu hilo fungu la malaika. Baada ya miaka 16, zaidi ya robo ya kilevi imekwenda. Katika nchi za joto hali ni mbaya zaidi: viwanda vya wiski vya India hupoteza mara kadhaa ya kiwango hicho kwa mwaka.

Hesabu ya chupa moja

Tani moja ya kimea hutoa takriban lita 410 za kilevi halisi. Ukitoa fungu la malaika kwa miaka 16, kinachobaki kinajaza chupa kama 1,000 zenye nguvu ya asilimia 43. Ili kupata tani moja ya kimea huhitajika takriban tani 1.2 za shayiri. Kwa hiyo ndani ya chupa moja kuna shayiri ya kilo moja na robo hivi.

Kama shayiri ya kutengenezea kimea inauzwa pauni 200 kwa tani, bei ambayo mkulima wa Uingereza ameizoea katika miaka ya karibuni, ikipanda na kushuka, basi fungu la mkulima katika chupa ya pauni 80 ni peni 24 hivi. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Serikali ya Uingereza inachukua karibu pauni 10 za ushuru wa bidhaa na pauni 13 za kodi ya ongezeko la thamani katika chupa hiyohiyo. Kwa maneno mengine, mtoza kodi anapata karibu mara 100 ya aliyelima.

Wapo watakaosema huo ni unyonyaji mtupu. Hesabu inasema sehemu tu ya ukweli huo. Sehemu nyingine ni riba. Mtu akiweka shilingi 100,000 kwenye pipa na kuliacha miaka 16, kwa mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, atadaiwa shilingi 254,000 siku ya kulifungua. Kwa riba ya asilimia 15, ambayo si ngeni kwa mkopaji wa Afrika Mashariki, deni linafika shilingi 936,000. Pipa ni lilelile, shayiri ni ileile, malaika ni walewale. Tofauti yote imetokana na bei ya fedha.

Hapo ndipo wimbo wa kuongeza thamani unapoachwa nusu. Thamani ya wiski kongwe imetoka kwa yule aliyeweza kungoja miaka 16 bila kufilisika, na ujuzi wa kukoneka peke yake usingeifikisha hapo. Mkulima anayehitaji ada ya shule mwezi Januari hana nafasi hiyo, hata angekuwa na mtambo bora kuliko wote.

Serikali ya Uingereza inalijua hilo. Ushuru haudaiwi wakati wiski inaingia ghalani. Hudaiwa inapotoka kwenye ghala la forodha kwenda sokoni. Na benki hukubali mapipa yaliyolala kuwa dhamana ya mkopo. Wazo hilo si geni Tanzania, ambako stakabadhi ghalani ziliwekewa sheria mwaka 2005 ili mzigo ulioko ghalani uweze kumpatia mwenye nao fedha kabla ya kuuzwa. Mfumo huo umekuwa na malalamiko yake, lakini msingi wake ni sahihi: asiyeweza kugharimia kungoja atauza siku ya mavuno kwa bei ya siku ya mavuno.

Namba kwenye lebo

Nguzo ya pili ya bei ile ni sheria. Mwaka 1915 Uingereza ilipiga marufuku kuuza wiski isiyolazwa miaka miwili, na mwaka uliofuata muda huo ukawa mitatu. Kanuni za mwaka 2009 zimekaza zaidi. Wiski haiwezi kuitwa ya Scotland kama haikukonekwa na kulazwa huko, kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua mitatu. Maneno 'Single Malt' yakiandikwa kwenye lebo, maana yake ni kiwanda kimoja na kimea cha shayiri pekee. Jina Islay nalo linalindwa: haliruhusiwi kwa wiski iliyokonekwa kwingine.

Kuhusu umri, sheria haina huruma. Namba inayoandikwa ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Mtu akichanganya pipa la miaka 40 na kikombe cha miaka 10, lebo itasoma 10.

Mnunuzi wa Tokyo au New York hawezi kulitembelea kila ghala. Analipa pauni 80 kwa sababu anaamini kwamba 16 ni 16. Siku imani hiyo ikivunjika, bei nayo itavunjika. Wafanyabiashara wa mchele wanaielewa hali hiyo vizuri. Mchele wa Kyela na pishori ya Mwea ni majina yanayopendwa, lakini mara ngapi mnunuzi amepewa gunia lililochanganywa na mchele wa kwingine? Anayechanganya anapata faida ya siku moja. Anayelima Kyela au Mwea anapoteza jina la maisha.

Kungoja kuna hatari

Isidhaniwe kwamba kila anayengoja hupata heri. Mtengenezaji wa wiski ya miaka 16 anakisia leo kiu ya watu wa miaka 16 ijayo. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Scotland vilijaza mapipa kwa matumaini makubwa. Katika miaka ya 1980 wanywaji walipungua, maghala yakafurika, na viwanda vingi vikafungwa. Hapo Islay, kiwanda cha Port Ellen kilizimwa mwaka 1983 na watu wakakosa kazi.

Mapipa yaliyobaki ya kiwanda hicho yaliendelea kuzeeka. Mwaka 2001 chupa zake zilikuwa zikiuzwa kwa bei isiyofika pauni 200. Mwaka 2017 toleo la chupa zake lilitolewa kwa zaidi ya pauni 3,000 kila moja. Kiwanda chenyewe kilifunguliwa upya mwaka 2024. Faida ile haikumfikia mfanyakazi aliyeachishwa mwaka 1983, wala mkulima aliyeuza shayiri iliyomo chupani. Iliwaendea wenye mapipa.

Bei hizo zimewavutia hata matapeli. Nchini Uingereza polisi wamechunguza kesi za watu waliouziwa mapipa ya wiski kama uwekezaji, kumbe pipa moja limeshauzwa kwa wengine. Na soko limeanza tena kupoa. Mauzo ya wiski ya Scotland nje ya nchi yalikuwa pauni bilioni 6.2 mwaka 2022, yakashuka hadi bilioni 5.4 mwaka 2024. Mwaka 2025 baadhi ya viwanda vilipunguza uzalishaji. Kiwanda kikipunguza, wa kwanza kuhisi ni mkulima, kwa sababu wiski iliyoko ghalani inaweza kungoja, lakini shayiri iliyoko shambani haiwezi.

Mkulima alipoingia kwenye lebo

Kwa miaka mingi shayiri ya viwanda vya Islay ilitoka bara kwa meli, na mkulima wa kisiwani aliyekuwa akiona moshi wa kiwanda kutoka shambani kwake hakuuza humo hata gunia. Mabadiliko yalianza na wadogo. Kiwanda cha Bruichladdich, kilichofufuliwa mwaka 2001 baada ya kufungwa, kilianza mwaka 2004 kutengeneza wiski kwa shayiri iliyolimwa kisiwani, na baadaye kikaandika kwenye chupa majina ya mashamba. Mavuno ya huko ni madogo, upepo huangusha mashina, bata bukini na kulungu hula shambani. Lakini wapo wanywaji waliokubali kulipia jina la shamba.

Mwaka 2005 kikaja Kilchoman, kiwanda kilichojengwa shambani, kinacholima sehemu ya shayiri yake na kuichipusha chenyewe. Hakikuwa na mtaji wa kungoja miaka 16. Kilifanya nini? Kiliuza wiski yake ya kwanza mwaka 2009 ikiwa na miaka mitatu, bila kuficha umri wake, na fedha zile zikasaidia mapipa mengine kuendelea kulala. Kwenye kisiwa cha Arran, kiwanda kilichoanza mwaka 1995 kiliuza hati kwa wanywaji waliolipa mapema na kusubiri makasha yao. Njia zote mbili zina jambo moja: mdogo alimwambia mnunuzi ukweli, na mnunuzi akamsaidia kubeba gharama ya muda.

Kinachopaswa kuulizwa

Mkulima wa kahawa, asali, karafuu au mpunga hahitaji kuiga wiski. Anahitaji kuuliza maswali matatu kila anapohimizwa kuongeza thamani. La kwanza, nani atagharimia muda kati ya mavuno na mauzo, na kwa riba gani? La pili, nani atalinda jina na namba iliyoandikwa kwenye gunia au chupa, na anayedanganya atafanywa nini? La tatu, bei ya mwisho ikipanda, mkataba unasema fungu la mkulima litapanda vipi?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Bila jibu lake, mkulima wa Monduli au Narok anaweza kusifiwa kwa shayiri safi iliyotengeneza kinywaji cha sifa, akabaki na peni zake 24. Maofisa, vyama vya ushirika na benki wanaohubiri kuongeza thamani wanapaswa kuja kwenye mkutano wa kijiji na majibu hayo yakiwa yameandikwa. Wakija bila majibu hayo, watakuwa wamemwomba mkulima awe na subira bila kumweleza kwamba ankara yake atailipa yeye.